Kugandishwa kifundo cha mguu: je, nitatembea tena?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 38, naishi Morogoro, nilikuwa dereva wa bodaboda. Miaka miwili iliyopita niligongwa na gari dogo, kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika ndani na nje, ila ngozi haikuchanika. Nilifungwa hogo la plasta wiki sita, lilipofunguliwa nikaambiwa mfupa umeunga. Tangu hapo mguu unavimba kila jioni, asubuhi nikishuka kitandani hatua za kwanza ni za machozi, na nikikanyaga kokoto nasikia kama kisu. Nameza diklofenaki kila siku. Daktari wa mifupa amepiga picha, amesema kifundo kimesagika, dawa yake ni kukigandisha kwa skrubu kisicheze tena. Niliogopa, sijarudi. Ndugu zangu wanataka wachange nikawekewe kifundo cha bandia India. Nikigandishwa ndiyo basi, nitakuwa kilema? Na hicho cha bandia si ndiyo bora?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Hapana, kugandishwa kifundo si mwisho wa kutembea. Aliyegandishwa vizuri anatembea, anapanda ngazi, analima, anabeba mzigo, na akivaa viatu wengi hawatajua kama aliwahi kupasuliwa. Kinachokufanya uchechemee leo ni maumivu, na huo upasuaji umekuja kuondoa maumivu. Lakini pamoja na hayo sitaki ukasaini karatasi kesho, kwa sababu katika maelezo yako kuna jambo halijajibiwa: kifundo chako kimekwisha kweli, au mifupa iliunga vibaya na kiungo bado kinaokoleka? Hayo ni mambo mawili, na upasuaji wake haufanani hata kidogo.

Shika kifundo chako cha kushoto, kile kizima. Vile vinundu viwili, jicho la mguu la ndani na la nje, ni ncha za mifupa miwili. La ndani ni mwisho wa muundi, mfupa mnene unaougonga kwenye kiti ukaona nyota. La nje ni mwisho wa fibula, mfupa mwembamba unaopanda ubavuni mwa muundi. Kati ya macho hayo mawili, chini ya muundi, umekaa mfupa unaoitwa talasi, umebanwa kama ulimi wa ubao uliochongwa na seremala ukaingia barabara kwenye tundu lake. Sasa papasa vizuri: jicho la nje limeshuka chini kidogo kuliko la ndani. Fibula ndiyo ukuta wa nje unaoizuia talasi isitoke. Ikivunjika ikaunga ikiwa fupi au imejizungusha, ukuta umesogea, na talasi inaufuata.

Kusogea huko hakuhitaji kuwa kukubwa. Mwaka 1976 wapasuaji wawili wa Marekani, Ramsey na Hamilton, walipima kwenye miguu ya maiti wakakuta kwamba talasi ikisogea nje kwa milimita moja tu, eneo ambalo mifupa inagusana linapungua kwa asilimia 42. Milimita moja inazidi kidogo tu unene wa kadi ya benki. Na kiungo hiki, unapotembea, hubeba mzigo unaoweza kufika mara tano ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 anapitisha kilo 350 kwenye sehemu yenye ukubwa wa stempu. Ukiipunguza sehemu hiyo karibu nusu, gegedu, ile tandiko laini linalofunika ncha za mifupa, linalika upesi. Ndiyo maana kifundo hakifanani na goti wala nyonga. Goti la bibi husagika kwa umri bila kisa chochote. Kifundo, katika wagonjwa kama saba kati ya kumi au hata zaidi, husagika kwa sababu kiliwahi kuumia.

Nina shaka na lile hogo lako, na nakueleza sababu ili na wengine wanaosoma wafaidike. Mguu uliovunjika huvimba. Hogo likifungwa siku za mwanzo linaubana sawasawa, lakini baada ya siku saba hadi kumi uvimbe umeshuka, ndani kumebaki nafasi, na mifupa inateleza humo humo bila mtu kuona. Kifundo kilichovunjika pande zote mbili kama chako hakina nguzo iliyobaki imesimama, kwa hiyo kawaida tunapendelea kukipasua mapema na kukifunga kwa vyuma na skrubu. Ikiwa imeamuliwa kutibu kwa hogo, basi mgonjwa apigwe picha upya wiki ya kwanza na wiki ya pili, hogo likiwa mguuni, ili mifupa ikionekana imehama ishughulikiwe kabla haijashika. Hukusema kama ulipigwa. Walipokwambia mfupa umeunga hawakukudanganya, ila hiyo ilikuwa nusu ya habari. Mfupa huunga popote unapouacha.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni picha, na si picha yoyote. Omba eksirei ya kifundo ukiwa umesimama, uzito wote umeukalisha kwenye mguu huo, ya mbele na ya ubavu, na nyingine ya mbele ukiwa umeuzungusha mguu ndani kidogo kama nyuzi 15 au 20 ili kile kitundu cha talasi kionekane wazi pande zote. Nasisitiza kusimama kwa sababu nimeona mara nyingi picha za mgonjwa aliyelazwa mezani zikionyesha nafasi nzuri kati ya muundi na talasi, mgonjwa huyo huyo akisimama nafasi inafumba, mfupa unakaa juu ya mfupa. Na kinyume chake pia nimekiona: picha ya kulala iliyopigwa imepinda ikaonyesha kifundo kibaya kuliko kilivyo. Kipigwe na cha kushoto siku hiyo hiyo. Cha kushoto ndicho kipimo chetu, kwa sababu hakuna daktari anayejua fibula yako ilikuwa na urefu gani kabla ya ajali isipokuwa kwa kutazama ya upande wa pili. Kukiwa na mashaka bado, kipimo cha CT, picha ya kompyuta inayokata mguu vipande vipande, kitaonyesha mifupa ilivyokaa.

Ikikutwa kwamba nafasi ya kiungo bado ipo, gegedu limelika upande mmoja tu, na fibula imefupika, basi kuna upasuaji wa kukinusuru kifundo. Tunaikata fibula pale ilipounga vibaya, tunairefusha milimita chache mpaka ilingane na ya kushoto, tunaziba pengo kwa kipande cha mfupa kutoka nyongani, tunaifunga kwa chuma na skrubu. Talasi inarudi chini ya muundi. Ikiwa ni muundi wenyewe ulioinama, tunaukata juu kidogo ya kiungo na kuunyoosha ili mzigo uhamie upande ambao gegedu bado lipo. Takakura na wenzake wa Japani waliandika kuhusu mkato huo wa muundi mwaka 1995, na tangu hapo umesaidia vijana wengi kubaki na kifundo chao. Hauahidi mguu mpya. Unaahidi miaka, wakati mwingine mingi, kabla ya kufika kwenye kugandishwa. Kwa mtu wa miaka 38, miaka hiyo ina thamani kubwa, na ndiyo maana nakuomba uulize swali hili waziwazi kwa daktari wako: "Fibula yangu imekaa sawa?" Hatachukia. Huenda ameshalitazama na jibu analo, ila siku ile hukubaki kulisikia.

Sasa tuseme picha ya kusimama imethibitisha: hakuna nafasi, mfupa juu ya mfupa, kiungo chote. Hapo daktari wako yuko sahihi, na ningekuambia vilevile.

Kabla ya kukugandisha kuna majaribio mawili mepesi ambayo mimi nayathamini sana. La kwanza ni sindano ya ganzi ndani ya kiungo chenyewe. Ikiingia vizuri na maumivu yakatulia kwa saa chache ukiwa unatembea, tumejua adui yuko hapo. Yasipotulia, huenda maumivu yanatoka kwenye kiungo cha chini yake, kati ya talasi na mfupa wa kisigino, na tungekugandisha mahali pasipohusika. La pili ni kukufunga hogo fupi la kutembelea, au kiatu kigumu cha hospitali, kwa wiki mbili. Hogo hilo linakizuia kifundo kama skrubu zitakavyokizuia. Ishi nalo. Panda daladala, nenda msikitini au kanisani, ingia chooni. Ukiona maumivu yamepungua na maisha yanaendelea, umeshaonja utakavyokuwa, na hofu inapungua kwa sababu sasa unajua.

Upasuaji wenyewe ni huu. Unachomwa sindano ya ganzi mgongoni, miguu inakufa ganzi, pajani unafungwa mpira unaozuia damu. Tunakata ngozi kwa mbele au kwa ubavu, wengine huingia kwa matundu madogo na kamera. Gegedu zima ni jeupe, linang'aa na kuteleza kama nyama ya dafu changa. Kwenye kifundo kilichosagika utakuta vipande vya manjano vinavyomenyeka kwa ukucha, na kando yake mfupa mtupu uliosuguliwa hadi ukawa kama pembe ya ng'ombe. Vyote hivyo tunavikwangua kwa patasi ndogo mpaka tukute mfupa hai, ule unaotoa vitone vya damu. Hiyo damu ndiyo dalili ya kwamba mifupa itaota na kushikana. Kisha tunaweka unyayo pembe mraba na mguu, kisigino kimeelekea nje kidogo sana, vidole vinatazama nje kama vya mguu wa kushoto, tunapenyeza skrubu mbili au tatu nene. Kazi ngumu haiko kwenye skrubu, iko kwenye huo mkao. Unyayo ukielekea chini kupita kiasi, goti litasukumwa nyuma kila hatua hadi nalo liharibike. Ukikutana na mtu aliyegandishwa akilalamika maisha yake yote, mara nyingi tatizo ni mkao au mifupa haikushikana.

Baada ya hapo, wiki sita za kwanza hukanyagi chini kabisa, ni magongo. Wiki sita nyingine unakanyaga taratibu ukiwa ndani ya hogo au kiatu kigumu. Karibu na wiki ya kumi na mbili picha ikionyesha mifupa imeanza kuwa mmoja, unaachiwa. Hizi wiki kumi na mbili ndizo za kuchangiwa na ndugu: kodi, chakula, ada ya mtoto. Nimeona wagonjwa wakikanyaga wiki ya nne kwa sababu nyumbani hakuna unga, na skrubu zikalegea. Sikuwalaumu, lakini ilibidi turudi tena chumba cha upasuaji.

Kama unavuta sigara, acha kabla hujapangiwa tarehe, na usirudie. Sigara huongeza mara kadhaa uwezekano wa mifupa kutoshikana, na hata kwa wasiovuta wapo wachache ambao haishikani, tukalazimika kurudia. Pima sukari pia. Wewe hujasema una kisukari, lakini wapo wasomaji wenye kisukari ambao kifundo chao kimevimba, kina joto, kimekuwa chekundu, na hakiumi sana kama kinavyoonekana. Hao wasisubiri wala wasikubali kukandwa. Wawahi hospitali wiki hiyo hiyo, kwa sababu mishipa ya fahamu ikiwa imekufa ganzi, mifupa huweza kubomoka ndani huku mtu anatembea juu yake.

Utapoteza nini? Nikwambie ukweli wote. Mwendo wa juu na chini wa kifundo utakwisha, ingawa viungo vya mbele vya unyayo vitakupa kidogo. Kukimbia kwa kasi, sahau. Kupanda mlima utapanda, kushuka kutakusumbua zaidi. Choo cha kuchuchumaa ndicho kinacholeta shida kubwa kwetu, kwa sababu kuchuchumaa kunataka kifundo kikunje sana kwenda juu. Utatanguliza mguu wa kulia mbele na kuegemea wa kushoto, au utaweka kiti cha choo, na ukutani upigilie kishikio. Kwenye sala, kile kikao cha tahiyatu cha kulaza unyayo wa kushoto na kusimamisha wa kulia kwa vidole huenda ukakimudu, kwa kuwa cha kulia ndicho kitakachoganda na vidole havijaguswa. Kisipowezekana, ukae utakavyoweza. Viatu: fundi viatu mzuri anaweza kukuwekea soli iliyopinda mbele na nyuma kama mtumbwi, mguu ukabingirika badala ya kukunja. Mafundi wa viungo bandia na vifaa tiba, wale wanaosomea kazi hiyo kwenye chuo cha TATCOT pale Moshi tangu 1981, wanaijua kazi hiyo.

Pikipiki? Breki ya nyuma iko mguu wa kulia, ndiyo unaoumwa. Kanyagio linaweza kushushwa na fundi ili ulikanyage kwa mguu mzima. Ningetaka uendeshe kwanza uwanjani, bila abiria, uhakikishe unafunga breki ghafla bila kusita. Abiria wapande baada ya hapo.

Na kuna deni la mbele. Kiungo kimoja kikifungwa, majirani wanabeba kazi yake. Watafiti waliowafuatilia waliogandishwa kwa wastani wa miaka 22 walikuta wengi wana usagikaji kwenye viungo vya jirani ndani ya unyayo. Ndiyo sababu nyingine ya mimi kutaka kwanza tujue kama kifundo chako kinaokoleka.

Twende kwenye India. Kifundo cha bandia ni bati la chuma chini ya muundi, kofia ya chuma juu ya talasi, na plastiki ngumu katikati. Kilianza Ufaransa 1970 kwa matokeo mabaya, kikaboreshwa, na leo kinafanya kazi nzuri kwa mtu anayekifaa. Mwaka 2022 Uingereza walichapisha jaribio la wagonjwa karibu 300, nusu wamewekewa cha bandia, nusu wamegandishwa. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na tofauti kati yao katika kutembea na kusimama ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza kuthibitishwa. Waliowekewa cha bandia walipata zaidi matatizo ya kidonda kupona na mishipa ya fahamu kuumia, waliogandishwa wengine mifupa haikushikana. Angalia sasa jambo hili: wagonjwa wale walikuwa na umri wa miaka 50 hadi 85. Hawakuwa vijana wa bodaboda.

Cha bandia kinamfaa mtu wa miaka sitini na kuendelea, asiye mzito sana, kazi yake ya kukaa, mguu umenyooka, hana historia ya usaha kwenye mfupa. Kinamfaa zaidi aliyeharibika vifundo vyote viwili. Baada ya miaka kumi, wanane au tisa kati ya kumi bado wanacho, lakini wewe una miaka thelathini ya kazi mbele yako, siyo kumi. Plastiki italika, chuma kitalegea, na siku kitakapong'olewa mfupa mwingi utakuwa umekwenda nacho. Kukigandisha wakati huo ni kazi kubwa kuliko kukigandisha leo. Kisha nani atakikagua kila mwaka? Kikipata maambukizi usiku ukiwa Morogoro, yule aliyekiweka yuko mbali na bahari iko katikati. Kwa hali yako nasema bila kusita: usiuze kiwanja kwa ajili ya kifundo cha bandia.

Kugandisha kunafanyika hapa hapa. Toka Morogoro, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, ni safari ya saa chache, na hospitali za KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza nazo zina madaktari bingwa wa mifupa. Kama una bima, uliza mapema skrubu zinalipiwa na nani, maana hapo ndipo wagonjwa wengi hukwama siku ya mwisho.

Wakati unasubiri, punguza hiyo diklofenaki. Kumeza kila siku kwa miaka miwili kunachoma tumbo na kuumiza figo. Mwambie daktari ukweli ili akupime figo na akubadilishie dawa. Shika bakora mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima, wengi hukosea hapo. Vaa viatu vigumu vinavyopanda juu ya kifundo, acha kandambili za kokotoni. Ukipungua kilo tano, kifundo kinatua mzigo unaoweza kufika kilo ishirini na tano kila hatua. Na usimruhusu mtu kukukanda kwa maji ya moto na kukivuta kifundo eti kirudi mahali pake. Baada ya miaka miwili mfupa umeshashika. Hakuna mkono utakaousogeza, utauma bure.

Siku ukienda, beba picha zote, hata ile ya usiku wa ajali kama bado ipo kwenye bahasha nyumbani, na vaa viatu ulivyotembelea mwaka mzima uliopita. Mpe daktari aigeuze soli atazame. Ilivyolika upande wa nje au wa ndani itamwambia kabla ya eksirei mguu wako unaelemea wapi.